Dondoo Muhimu: Kufundisha Ubunifu wa Michezo ya Kompyuta, Tabora

Mwalimu wa chuo kikuu aliyejaaliwa kufundisha Tabora, akikusudia wanafunzi wake wabuni michezo ya kompyuta kwa vikundi, asiende mbali kutafuta maudhui, maana njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Ujiji ilipita papo hapo, na tembe la Kwihara, alimokaa mmisionari na mpelelezi Livingstone mwaka 1872, sasa ni makumbusho.

Kikundi kiwe cha watu wanne au watano, mmoja wao akiwa kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, mwenye kauli ya mwisho.

Kabla ya kugusa kompyuta, mchezo uchezwe kwa karatasi na kete za bao: mpagazi abebe mzigo gani, hongo, yaani ushuru wa kupita, ilipwe kwa shanga au kwa kitambaa cha merikani, na posho ikipungua porini msafara ufanyeje? Mwaka 1971 wanafunzi watatu wa ualimu huko Minnesota, Marekani, waliunda mchezo wa kompyuta uitwao The Oregon Trail kwa masuala ya jinsi hiyo.

Kila juma la pili aalikwe mgeni acheze, nao wabunifu wanyamaze wakimtazama anapokwama.

Ama watumwa waliopitishwa njia ile ya misafara, nawasihi walimu wenzangu: mateso yao yasigeuzwe pointi za ushindi.