Petroli Inapokosa Msukumo Katika Injini ya Ndege Ndogo

Lori likizimika njiani, dereva hushuka akafungua boneti, nao abiria hungoja kivulini. Ndege ikizimika angani, rubani hana nafasi ya kushuka wala ya kungoja. Kwa hiyo yafaa kila kasoro ya petroli itafutwe ndege ingali chini, na itafutwe kwa taratibu, hatua baada ya hatua.

Mfano mmoja unajulikana sana. Mwezi wa Septemba 1936, rubani Beryl Markham, aliyekulia Njoro katika Kenya, alivuka bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kwenda Amerika. Baada ya kuruka kwa muda wa saa zipatazo 20, injini yake ilizimika karibu na pwani ya Kanada, naye akaanguka na ndege yake katika kinamasi. Alijeruhiwa lakini hakufa. Sababu iliyotolewa ni kwamba barafu ilikuwa imeziba tundu la hewa la tangi. Petroli ilikuwamo, ila haikuweza kufika kwenye injini.

NJIA YA PETROLI

Katika ndege ambazo mabawa yake yako juu, kama vile Cessna 172 zenye kabureta, petroli hushuka kwa uzito wake yenyewe, kama maji yatokayo katika pipa lililowekwa juu ya nyumba. Lakini katika ndege zenye mabawa chini, kama vile Piper Cherokee, tangi liko chini kuliko injini, na petroli hapana budi isukumwe.

Petroli hutoka katika tangi la bawa, ikapita kwenye koki ambayo rubani huigeuza kuchagua tangi la kushoto au la kulia. Kisha hupita katika chujio, halafu katika pampu ya umeme, halafu katika pampu iendeshwayo na injini, ndipo inapofika kwenye kabureta. Ndani ya pampu ya injini mna kiwambo mfano wa kiwambo cha ngoma, ambacho hupanda na kushuka na kuivuta petroli. Pampu ya umeme ni ya akiba: huwashwa wakati wa kuruka na wakati wa kutua, ili ile moja ikifa nyingine iwepo.

Mbele ya rubani kuna kipimo chenye mshale kinachoonyesha msukumo wa petroli. Katika Cherokee nyingi zenye kabureta, mshale hutakiwa uwe kati ya nusu ratili na ratili 8 kwa kila inchi ya mraba. Ndege nyingine zina kiasi chao, na kitabu cha ndege yenyewe ndicho cha kufuatwa.

KUTAFUTA KASORO

Mshale ukishuka, fundi asiye na subira hununua pampu mpya mara moja. Fundi mwenye busara hujiuliza maswali kwanza, kwa maana mshale hueleza kwamba kuna ugonjwa, lakini hautaji ni ugonjwa gani.

Swali la kwanza: Je, kipimo chenyewe ni cha kweli? Fundi hufunga kipimo kingine kilichokwisha kuhakikishwa, akalinganisha. Ikiwa kipimo cha pili chaonyesha msukumo mzuri, pampu haina kosa.

Swali la pili: Ni pampu ipi iliyo dhaifu? Injini ikiwa inakwenda, pampu ya umeme huzimwa, kisha huwashwa tena. Ikiwa msukumo ni mdogo pampu ya umeme ikizimwa, na ni mzuri ikiwashwa, basi pampu ya injini hushukiwa: pengine kiwambo kimepasuka au valvu zake hazifungi sawasawa. Ikiwa msukumo ni mdogo hata pampu zote mbili zikifanya kazi, aghalabu kizuizi kiko nyuma yake, upande wa tangi.

Swali la tatu: Je, ni tangi moja au yote mawili? Koki ikigeuzwa na msukumo ukarudi, pampu hazina lawama. Kosa liko katika lile tangi la kwanza, bomba lake, au tundu lake la hewa. Kila mtu aliyetoboa debe la mafuta ya kupikia anajua ya kwamba tundu moja halitoshi: mafuta hutoka kidogo, kisha husita, mpaka tundu la pili litobolewe hewa ipate kuingia. Tangi la ndege lina tabia hiyo hiyo. Katika nchi zetu barafu si adui mkubwa wa tundu hilo. Adui wake ni nyigu, ambaye hujenga nyumba yake ya udongo katika tundu lolote jembamba, hasa ndege ikikaa siku nyingi bila kuruka.

Swali la nne: Je, chujio ni safi, na petroli haina maji? Kila siku kabla ya kuruka kwa mara ya kwanza, na kila baada ya kujaza petroli, rubani hukinga petroli kidogo katika kikombe cha kioo kutoka chini ya kila tangi na chini ya chujio. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hukaa chini. Lakini kuna jambo la kuangaliwa sana. Kikombe kikijaa maji matupu, hautaonekana mstari wowote wa kutenganisha, na mtu mwenye haraka atadhani kila kitu ni sawa. Petroli ya ndege iitwayo 100LL imetiwa rangi ya buluu. Kikombe kisichoonyesha rangi hiyo kisikubaliwe.

Swali la tano: Je, hewa inaingia njiani? Mtu anywaye pombe kwa mrija wenye ufa huvuta hewa badala ya pombe. Vivyo hivyo ufa ulio nyuma ya pampu huenda usidondoshe hata tone moja, bali huvuta hewa kimya kimya. Kwa kosa la namna hii, fundi huizima injini, akawasha pampu ya umeme: sehemu ya bomba iliyo kati ya pampu mbili hujazwa kwa nguvu, na ufa uliokuwa ukivuta hewa sasa hutoa petroli ikaonekana.

Yapasa pia kukumbuka kwamba msukumo si wingi. Chujio lililozibwa nusu laweza kuruhusu mshale upande vizuri injini ikiwa imesimama, kisha likashindwa injini inapotaka petroli nyingi wakati wa kuruka. Kwa hiyo fundi hufungua bomba karibu na kabureta, akapima petroli itokayo kwa dakika moja. Kazi hii hufanywa nje ya banda, mbali na moto wowote, na kizimamoto kikiwa tayari.

JUA NA MWINUKO

Ndege ikitua Lodwar au Garissa saa sita mchana, na injini ikazimwa kwa dakika chache tu, joto la injini hupanda katika mabomba na petroli hugeuka mvuke. Mahali pa juu kama uwanja wa Wilson, Nairobi, ulio futi zipatazo 5,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na petroli huchemka upesi zaidi. Pampu iliyotengenezwa kusukuma maji maji haiwezi kusukuma mvuke vizuri, na mshale huchezacheza. Dawa yake ni kuacha injini ipoe, na kutumia pampu ya umeme kama kitabu kinavyoagiza. Mabomba yaliyo karibu na ekzosi nayo yakaguliwe kama ngao zake za joto zipo.

MSHALE UKISHUKA ANGANI

Rubani kwanza huhakikisha kwamba ndege inakwenda sawasawa. Kisha huwasha pampu ya umeme, hugeuza koki kwenye tangi jingine lenye petroli, na huelekea kiwanja kilicho karibu. Injini ikitulia asiendelee na safari yake kana kwamba hakuna lililotokea. Atue, aandike katika daftari la ndege lile aliloliona: saa ngapi, juu kiasi gani, na tangi lipi. Maandishi hayo humwokolea fundi mwenye leseni saa nyingi za kazi.

Somo hili lawafaa hata wenye malori na mashine za kusagia posho. Fuata njia ya mafuta kutoka tangi hadi injini, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, na jaribu tena kabla ya kubadilisha kingine. Fundi abadilishaye vitu vitatu kwa pamoja huenda akaiponya injini, lakini hatajua ni kipi kilichoiponya, na siku ugonjwa utakaporudi ataanza upya.