Damu Isipofika Vema Miguuni: Ushauri kwa Mlaji

Madukani huuzwa soksi za kubana, soli za sumaku na mashine za kukanda nyayo, zote zikinadiwa kuwa huamsha mzunguko wa damu. Kabla ya kutoa fedha, tunamshauri mlaji ajue kwanza ni mishipa ipi yenye hitilafu, kwa kuwa kifaa kimfaacho mmoja huweza kumdhuru mwingine.

Dalili
Ateri hupeleka damu miguuni. Vena huirudisha moyoni. Ateri zikizibwa na mafuta, kigimbi huuma mtu atembeapo na hutulia apumzikapo kwa dakika chache. Mguu huwa baridi, vinyweleo hupukutika, na vidonda vya vidole huchelewa kupona. Vena zikidhoofika, mguu huwa mzito na huvimba jioni, kisha hupata nafuu ukiinuliwa.

Kipimo
Mhudumu wa afya hulinganisha shinikizo la damu la kifundo cha mguu na la mkono. Uwiano wa 0.90 au chini yake huashiria kuziba kwa ateri. Kwa wenye kisukari, ateri zilizokakamaa huweza kuficha tatizo, hivyo vipimo zaidi huhitajika.

Kabla ya kununua
Soksi za kubana huzisaidia vena. Lakini ateri zikiwa zimeziba sana, soksi hizo huipunguza hata damu kidogo inayofika, na huweza kusababisha vidonda. Tunasisitiza zisinunuliwe kabla ya kupimwa. Soli za sumaku hazijathibitishwa kufungua mshipa wowote.

Yafaayo
Kuacha tumbaku ndiyo hatua ya kwanza, pamoja na kudhibiti kisukari, shinikizo la damu na lehemu. Mwenye ateri zilizoziba, kwa ushauri wa daktari, atembee hadi maumivu yaanze, apumzike, kisha aendelee. Kwa jumla nusu saa, mara 3 kwa juma, kwa muda wa miezi 3 au zaidi. Mwenye kisukari akague nyayo kila siku, wala asizipashe joto kwa makaa au maji ya moto, maana ganzi huficha kuungua.

Dharura
Mguu ukipoa ghafla, ukapauka na kuuma sana au kufa ganzi, mgonjwa afikishwe hospitali mara moja: saa chache tu huamua kama mguu utaokolewa. Mguu mmoja ukivimba na kuuma pasipo sababu, usikandwe; damu iliyoganda huweza kusafiri hadi mapafuni. Huyu naye awahishwe hospitali.