Kazi kwa Msimamizi, Hesabu kwa Mwenye Nyumba: Mwongozo kwa Wanaopangisha Nyumba Nchini Kenya

Wenye nyumba wengi huanza kutafuta msimamizi vyumba vinapoongezeka, au wanapokuwa kazini mbali na nyumba zao, wengine hata ng'ambo. Ni uamuzi mzuri. Msimamizi anayeijua kazi yake hutafuta wapangaji, hukusanya kodi, huita fundi bomba linapopasuka na kupokea simu za usiku. Tatizo huanza pale mwenye nyumba anapodhani kwamba, pamoja na kazi, amekabidhi na wajibu. Mbele ya Mamlaka ya Mapato (KRA), mbele ya mahakama na mbele ya mpangaji, nyumba ina mwenyewe. Ndiyo maana kijitabu hiki kinasisitiza jambo moja: mwachie msimamizi kazi, ila hesabu ya kila shilingi ikufikie wewe kila mwezi, kwa maandishi.

Hasara ya kukosa hesabu inaonekana wazi kwenye ushuru. Tangu Januari 2024, mwenye nyumba mkazi wa Kenya ambaye mapato yake ya nyumba za kuishi ni kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hutozwa asilimia 7.5 ya kodi yote iliyopokelewa, kabla ya kutoa gharama yoyote. Ushuru huo hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Sasa chukua mfano wa ploti yenye nyumba kumi, kila moja shilingi 15,000. Wapangaji wamelipa 150,000. Msimamizi ametoa ada yake ya asilimia nane, yaani 12,000, akamlipa fundi 18,000, kisha akamtumia mwenye nyumba 120,000 bila maelezo. Mwenye nyumba akipiga hesabu kwa hizo 120,000 zilizomfikia, atalipa 9,000, ilhali alipaswa kulipa 11,250. Pengo ni shilingi 2,250 kwa mwezi, 27,000 kwa mwaka, na juu yake kuna adhabu na riba. Hakuna aliyeiba chochote hapa. Kilichokosekana ni ukurasa mmoja unaoonyesha nani amelipa, kiasi gani, nyumba ipi iko wazi, kilichotumika ni nini, na risiti iko wapi.

Ukurasa huo huaminika zaidi njia ya pesa inapojulikana. Kodi iingie kwenye akaunti ya benki au namba ya Paybill iliyotajwa katika mkataba, isiingie kwenye simu ya keateka wala akaunti binafsi ya msimamizi. Sheria ya Mawakala wa Nyumba, Sura ya 533, inamtaka anayefanya biashara ya kuuza, kupangisha au kusimamia nyumba za watu awe amesajiliwa na bodi inayohusika. Omba cheti chake, kisha uthibitishe kwa bodi yenyewe kwamba usajili bado ni halali. Mkataba nao utaje ada na inakatwa kwenye nini, kiwango cha matengenezo anachoweza kuidhinisha bila kukuuliza, siku ya kukuletea hesabu, na notisi ya kuachana. Utaje pia amana za wapangaji zinawekwa wapi. Amana ni deni: mpangaji akihama bila kuharibu kitu wala kudaiwa, atairudia kwako, hata kama msimamizi aliyeipokea alishaondoka.

Wajibu haukomei kwenye pesa. Msimamizi akibadilisha kufuli au kung'oa mlango ili kumtoa mpangaji aliyechelewa kulipa, anayafanya hayo kwa niaba yako, na kesi inaweza kukufikia wewe. Andika basi kwamba hakuna mpangaji atakayefurushwa bila kufuata sheria na bila wewe kujulishwa.

Wapo watakaosema msimamizi wao ni ndugu, na kumdai maandishi ni kumvunjia heshima. Lakini maandishi humlinda ndugu huyo kwanza. Siku pesa zikipungua, risiti ndiyo itakayomtetea. Bila risiti, undugu wenyewe ndio utakaoingia mashakani. Wahenga walishatuusia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Wengine watauliza: kama nitafuatilia yote haya, ada nalipia nini? Unalipia kazi ya kila siku, na hiyo ni kubwa. Kusoma hesabu ya mwezi na kuilinganisha na taarifa ya benki hakulingani na kuzungukia milango kumi kudai kodi. Tena wako wanaohofia kwamba masharti haya yatawafukuza wasimamizi wazuri. Anayefanya kazi yake vizuri huwa na hesabu hizo tayari, kwa kuwa ndizo anazotumia kujua nani anadaiwa. Anayekataa kuzionyesha amekupa sababu ya kutomkabidhi nyumba.

Kama tayari una msimamizi, usisubiri ugomvi. Mwombe mwezi huu orodha ya wapangaji, kodi ya kila mmoja, amana alizopokea na risiti za matengenezo. Linganisha na pesa zilizokufikia, rekebisha ushuru uliolipwa pungufu, kisha mketi pamoja muandike mkataba mliokuwa hamna.