SOMO LA VIKUNDI: PAI YA NDIZI KWA UNGA WA MUHOGO



Katika nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, ndizi, asali na muhogo ni mazao yetu. Yote matatu yaweza kufanya pai tamu isiyo na nyama wala mayai. Kwanza, tuzingatie usalama.

Muhogo mchungu una sumu ya sianidi. Mwaka 1985, wilayani Tarime, ukame ulipowafanya watu wale muhogo usioandaliwa vyema, wengine walipatwa na konzo, ugonjwa unaopooza miguu na usiopona. Sumu hutoka muhogo unapochachuka majini. Moto wa kuoka hautoshi kuiondoa. Basi, uloweke siku 3 hadi 5 hata ulainike, uanike hata ukauke kabisa, kisha usage.

Upishi: Changanya vikombe 2 vya unga wa ngano na 1 cha muhogo, ngano ndiyo ishikamanishayo. Tia mafuta nusu kikombe, chumvi kidogo na maji kiasi, ukande. Sukuma nusu, utandaze katika sufuria iliyopakwa mafuta. Jaza ndizi mbivu 4 zilizokatwa na asali vijiko 3, ufunike kwa nusu iliyobaki. Oka kwa makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko, hata pai iwe ya kahawia. Mtoto wa chini ya mwaka 1 asipewe, kwa kuwa ina asali.

Maswali ya majadiliano:
1. Kwa nini kuoka peke yake hakutoshi?
2. Chama chetu kitahakikishaje kwamba muhogo kinaouuza umelowekwa?