SOMO LETU: TANGI LA PETROLI CHINI YA ARDHI HUKAGULIWAJE?



Leo tujifunze juu ya kitu tunachokikanyaga lakini hatukioni. Ukifika mjini Muheza au Mombo, utaona kituo cha mafuta. Unaona pampu, unaona mpira, unaona kijana anayejaza pikipiki. Je, petroli yenyewe iko wapi? Haimo ndani ya pampu. Iko chini ya miguu yako, katika tangi kubwa lililozikwa ardhini. Tangi moja linaweza kubeba maelfu ya lita.

Labda mtu atauliza, "Sisi wakulima wa Amani, mambo ya matangi yanatuhusu nini?" Yanatuhusu sana. Siku hizi pikipiki zimejaa vijijini. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, yaani EWURA, imekuwa ikihimiza watu wajenge vituo vya mafuta vijijini, ili petroli isiuzwe katika chupa na madumu majumbani. Ni jambo jema. Lakini kituo kikija kijijini, tangi nalo linakuja. Na sisi maji yetu yanatoka ardhini.

Kwa nini tangi huvuja?

Matangi mengi ni ya chuma. Jembe lako ukiliacha nje wakati wa masika, linafanya nini? Linashika kutu. Tangi nalo ni hivyo hivyo. Milima yetu ya Usambara ya Mashariki ina mvua nyingi, na udongo wake una asidi. Chuma kisichopakwa dawa ya kukinga kutu huliwa polepole. Mwisho hutoboka tundu dogo kama la sindano. Mara nyingine si tangi linalovuja, bali ni maungio ya mabomba.

Tundu ni dogo, lakini bandu bandu huisha gogo. Petroli hupenya udongo na kushuka mpaka kwenye maji ya ardhini. Maji hayo ndiyo yanayotoka katika chemchemi na visima. Petroli ina kitu kinachoitwa benzini, ambacho huweza kuleta saratani ya damu. Na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini na kujikusanya mashimoni. Ukikutana na moto, hulipuka.

Haya si maneno ya kutishana. Mwezi Mei 2015, huko Thange, Kaunti ya Makueni nchini Kenya, bomba la mafuta lililofukiwa ardhini lilivuja. Mafuta yakaingia katika mto na mashamba ya wananchi. Huko Marekani, tangu miaka ya 1980, matangi ya ardhini zaidi ya 500,000 yamegundulika kuwa yamevuja. Kama nchi yenye mali nyingi imepatwa, sisi tusiseme "haitufiki".

Tukumbuke pia kwamba mto Zigi unaanzia katika misitu yetu ya Amani. Maji yake huingia katika bwawa la Mabayani, na watu wa mji wa Tanga huyanywa. Tukichafua huku juu, tunawachafulia ndugu zetu walio chini.

Ukaguzi hufanywaje?

Ukaguzi wa kwanza hufanywa na mwenye kituo mwenyewe, kila siku. Hutumia fimbo ndefu yenye namba. Fimbo huingizwa tangini mpaka chini, kisha hutolewa na kusomwa mahali palipolowa. Halafu anafanya hesabu. Hesabu hii hata sisi tuliohitimu kisomo tunaiweza:

Asubuhi tangini: lita 6,000
Gari lilileta: lita 5,000
Jumla: lita 11,000
Yaliyouzwa: lita 1,900
Yanayopaswa kubaki: lita 9,100

Jioni fimbo inaonyesha lita 9,080. Zimepungua lita 20. Je, tangi linavuja? Tusikimbilie kusema. Petroli hutanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi. Tena macho ya mtu huweza kukosea kidogo. Kwa hiyo tunaangalia siku nyingi. Tulinganishe matangi mawili kwa siku sita:

Tangi A: pungufu 20, ziada 15, pungufu 8, ziada 12, pungufu 10, ziada 9.

Tangi B: pungufu 20, pungufu 25, pungufu 22, pungufu 24, pungufu 23, pungufu 26.

Tangi A pungufu zake zote ni lita 38, na ziada zake ni lita 36. Tofauti ni lita 2 tu. Hili ni zima. Tangi B limepungua kila siku, na jumla ni lita 140. Hapa pana jambo. Ama pampu inatoa zaidi ya inavyoandika, ama kuna mwizi, ama tangi linavuja. Lazima achunguze upesi. Maana lita 140 kwa siku sita ni lita 8,400 kwa siku 360. Hayo ni mapipa 42 ya lita 200, yote ardhini!

Ukaguzi wa pili ni wa maji. Petroli ni nyepesi kuliko maji, basi maji yakiingia tangini hukaa chini kabisa. Mpimaji hupaka ncha ya fimbo dawa maalumu. Dawa ikigusa maji hubadilika rangi. Kumbuka: mahali maji yanapoweza kuingia, petroli nayo huweza kutoka.

Ukaguzi wa tatu ni wa mafundi na serikali. Mafundi hupima kama tangi na mabomba yanashika bila kuvuja. EWURA hutoa leseni na kukagua vituo. Wakala wa Vipimo hupima pampu. Zimamoto huangalia vifaa vya kuzimia moto.

Mambo ya kujihadhari

1. Usivute sigara wala kuwasha kiberiti kituoni. Zima pikipiki kabla ya kujaziwa.

2. Mtu yeyote asiingie ndani ya tangi kulisafisha kienyeji, hata kama ni tupu. Mvuke hubaki na huua. Mwenzako akizirai ndani, usimfuate bila vifaa vya kupumulia. Mtakufa wote wawili. Ita Zimamoto, simu 114.

3. Mafuta yakimwagika, kimbia mbali. Usiende kuchota. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, gari la mafuta lilipinduka. Watu wakaenda na madumu. Moto ukalipuka, na watu zaidi ya 100 wakafa.

4. Maji ya kisima yakinuka petroli, au yakiwa na utando wa rangi rangi juu, acheni kuyanywa mara moja. Msiyachemshe. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hapa tatizo si vijidudu, na mvuke wake huweza kushika moto. Msimulike kisima kwa kibatari. Mwambieni Mtendaji wa Kijiji na Bwana Afya siku hiyo hiyo, na maji yapelekwe kupimwa.

Kazi ya kijiji

Mtu akija kuomba kiwanja cha kituo cha mafuta, mkutano wa kijiji una haki ya kuuliza. Chemchemi iko umbali gani? Je, tangi litakuwa juu ya mlima na kisima kiko chini yake? Tangi limekingwa na kutu? Daftari la vipimo litaandikwa kila siku? Msione haya kuuliza. Mwenye kituo mwaminifu atajibu kwa furaha, kwa sababu petroli inayovuja ni fedha yake inayopotea. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na chemchemi ikishaharibika, hata ukuta hautaisaidia.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini hatuwezi kusema tangi linavuja kwa kuangalia siku moja tu?

2. Asubuhi tangini mna lita 4,500. Gari halikuja. Zimeuzwa lita 1,250. Zinapaswa kubaki lita ngapi? Fimbo ikionyesha lita 3,215, zimepungua ngapi?

3. Chemchemi ya kijiji chenu iko wapi? Je, juu yake kuna nini?

Andikeni majibu katika madaftari yenu. Swali la tatu mlijibu kwa miguu: nendeni pamoja mkaone.