Kuacha Mila Mbaya: Amri au Mazungumzo?

Ndugu wanakikundi, someni somo hili pamoja, kisha mjadiliane. Swali letu ni hili: mila ikiwadhuru watu, kanisa lifanye nini?

1. Kikuyu, 1929. Misheni ya Scotland, ambayo ilizaa kanisa la PCEA, iliwataka waumini waweke sahihi au kidole gumba kukataa tohara ya wasichana. Watu waliita jambo hilo "kirore". Madhara yalikuwa ya kweli, maana madaktari wa misheni waliona akina mama wakiteseka wakati wa kujifungua. Lakini watu walikuwa wamenyang'anywa ardhi, wakaona sasa mila nayo inachukuliwa. Wengi walihama kanisa, wakajenga shule zao wenyewe. Kukeketa hakukuisha.

2. Meru, 1956. Safari hii wazee wa Njuri Ncheke ndio waliopiga marufuku. Wasichana wakakatana wenyewe kwa wembe! Waliitwa "Ngaitana", yaani nitajitahiri mwenyewe.

3. Tharaka, 1996. Maendeleo ya Wanawake waliketi na akina mama wa kijijini, wakaulizana: katika tohara, ni kitu gani chema tunachokitaka? Jibu likawa ni mafunzo, heshima na sherehe. Basi wasichana walikaa ndani, wakafundishwa juu ya mwili, afya na maisha, wakatoka kwa nyimbo na zawadi bila kukatwa. Njia hii inaitwa "Ntanira na Mugambo", tohara kwa maneno. Baadaye makanisa kadhaa pia yaliifuata.

Siku hizi wengine husema, "Tumekuwa wa kisasa, tunampeleka msichana kwa nesi." Huo si usasa. Kinachokatwa ni kile kile, na sheria ya mwaka 2011 inakataza hata akikata daktari, hata msichana akivushwa mpaka. Anayejua na kunyamaza pia ana kosa.

Je, sheria haina kazi? Inayo, inamkinga mtoto. Lakini tunasema kata mti, panda mti. Ukiondoa mila bila kupanda kitu mahali pake, magugu yataota.

Mjadiliane:
- Hapa kwetu, nani huwafundisha wasichana wanapokua? Na wavulana je?
- Msichana asiyekatwa akichekwa, kikundi kitamsimamia vipi?
- Likizo ijayo, nani atatoa nyumba, chakula na wiki moja ya mafunzo?

Andikeni majina kabla ya kufunga mkutano.