One ya Sita, Lakini Sita Ipi?

Wadogo zangu, matokeo ya kidato cha sita yakitoka tu, simu yangu hailali. Swali ni lilelile: "Dada, nina one ya sita, PCB. Udaktari Muhimbili nitapata?" Na mimi namrudishia mtu swali: sita ipi?

Msicheke. Baraza la Mitihani linahesabu A kuwa 1, B 2, C 3, D 4, kwa hiyo kwao ndogo ndiyo tamu. Ukija Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hesabu inapinduka: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1, na hapo kubwa ndiyo tamu. One ya sita, yaani divisheni ya kwanza yenye jumla ya sita, kwa TCU ni pointi 12. Sasa chukua B tatu: sita. A, B na C: sita. A mbili na D: sita vilevile! Wote watatu mtapigiwa vigelegele sawasawa nyumbani. Lakini wewe mwenye D, hiyo D imekaa wapi? Programu nyingi za afya zinataka alama fulani katika kila somo, siyo jumla peke yake. Fungua kitabu cha mwongozo cha TCU, soma mstari wa programu unayoitaka, herufi kwa herufi.

Tuseme umevuka hapo. Bado hujapata kitu, mdogo wangu. Sifa za chini zinakuruhusu kupanga foleni tu. Kitabu hichohicho kinaonyesha kila programu ina nafasi ngapi. Iangalie namba hiyo, halafu kumbuka kwamba wenye one ya tatu wa nchi nzima nao wanaitazama. Kwa hiyo tafuta waliodahiliwa mwaka jana katika kozi hiyohiyo, uwaulize aliyeingia wa mwisho alikuwa na pointi ngapi. Wa kwanza hakuhusu. Na ufaulu wa mwaka huu ukipanda, mstari wa kuingilia nao unapanda. Anayekuambia "una asilimia themanini" kaitoa mfukoni.

Mimi niliomba chuo kimoja tu, kozi moja tu. Kiburi! Dirisha la pili la maombi lilinikuta naokota kilichobaki, na mama alikaa kimya wiki nzima, kimya kile mnachokijua.

Basi gawa maombi. Tangu 2017 unaomba moja kwa moja chuoni na kila chuo kina ada yake ya maombi, kwa hiyo kaa na mzazi mhesabu hela kabla ya kubofya. Udaktari upo pia Dodoma, Mbeya, Moshi na Bugando, na kote ni miaka mitano kabla ya mwaka wa mazoezi hospitalini. Moshi na Bugando ni vyuo vya mashirika ya dini, karo yake siyo ya serikali, msije mkashtuka baadaye. Halafu weka angalau chaguo moja ambalo pointi zako zinalizidi: uuguzi, famasia, sayansi ya maabara. Lakini liwe chaguo unaloweza kulisomea bila kununa.

Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, utatakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu. Jaza namba yako mwenyewe, siyo ya mjomba aliye machimboni.

Na wewe uliyeniandikia jana usiku, nitumie herufi zako tatu, Fizikia kwanza, kisha Kemia, kisha Baiolojia. Divisheni nimeshaiona.